Vidonge Tunavihesabu, Vyoo Je?

Ninaishi Mbweni. Kila baada ya masika huwaona watoto wenye sare za shule wakiogelea katika madimbwi. Niliwahi kuwakemea, walinicheka, na nadhani walikuwa na haki. Mtoto ambaye kwao hakuna bomba utamwambia akaoge wapi?

Kichocho hakitokani na utundu wa mtoto. Mayai ya minyoo hutoka na mkojo na kuanguliwa majini. Vijidudu huingia kwa konokono, hukua humo, kisha hutoka na kupenya ngozi ya yeyote aingiaye katika maji hayo. Serikali hugawa kingatiba shuleni: mwanafunzi hupimwa urefu, humeza vidonge vya prazikwanteli, hurudi darasani. Ni jambo jema. Ila dawa hiyo huua minyoo iliyokomaa, wala haimkingi mtoto asiambukizwe tena Jumamosi ijayo. Na yule asiyesoma kabisa, ashindaye mtoni, humkosa mgawaji.

Kuanzia mwaka 2012 Unguja na Pemba zilijaribu kukitokomeza: vidonge mara mbili kwa mwaka, na katika baadhi ya shehia konokono wakauawa. Maambukizi yalishuka sana, lakini hayakukatika.

Huku bara tunahesabu vidonge vilivyomezwa na kuiita hesabu hiyo mafanikio. Afisa wa manispaa usomaye hapa, nijibu: katika bajeti ya mwaka huu, shule ngapi za Kinondoni zitaongezewa matundu ya vyoo, na ngapi zitavutiwa maji?