Tuiweke Kando "Injili ya Barnaba"

 

Ndugu Waislamu, katika mhadhara mmoja wa wazi tuliouhudhuria, mhubiri wetu alikiinua juu kitabu kiitwacho Injili ya Barnaba, akatangaza kuwa hiyo ndiyo Injili ya asili iliyofichwa na makanisa. Takbira zikarindima. Akasimama kijana wa Kikristo, akauliza kwa upole: "Shekhe, kitabu hicho kinasema Yesu alikana kuwa yeye ndiye Masihi. Je, Qur'an yenu inamwitaje?" Mhubiri akahamia mada nyingine. Sisi tuliokaa mbele tuliinamisha vichwa, kwani jawabu tulilijua. Katika sura za Aal Imran, An-Nisaa na Al-Maida, Mwenyezi Mungu anamwita Nabii Isa (a.s.) Al-Masih. Mwenye kukishika kitabu kile kuwa hoja anashuhudia kinyume cha Kitabu cha Mola wake, naye hana habari.

Nakala kongwe inayojulikana ya "Barnaba" ni ya Kiitaliano, imehifadhiwa Vienna, nayo hukadiriwa kuwa ya mwishoni mwa karne ya 16. Tafsiri ya Kiingereza ilichapishwa Oxford mwaka 1907. Mwaka uliofuata Shekhe Rashid Ridha akaitoa ya Kiarabu mjini Cairo, na kitabu kikaenea katika nchi za Waislamu. Ndani yake Nabii Isa anasafiri kwa chombo mpaka Nazareti, mji ulio juu ya vilima, mbali na ziwa na bahari. (Sisi watu wa pwani hatuhitaji shahada kujua kuwa chombo hakipandi kilima.) Humo pia mwaka wa yubile huja kila baada ya miaka 100, ilhali katika Taurati waliyo nayo ni miaka 50. Hesabu ya 100 ilianzishwa na Papa Boniface VIII mwaka 1300. Mwandishi wa kitabu amejifichua mwenyewe zama zake.

Hali ni hiyo hiyo kwa wale wanaodai kuwa Mtaguso wa Nikea wa mwaka 325 ndio uliochagua Injili nne. Mtaguso ule ulikutana hasa kwa sababu ya Arius na suala la uungu wa Isa (a.s.). Orodha kongwe inayojulikana yenye vitabu 27 vya Agano Jipya, bila ya kuzidi wala kupungua, ni ya Athanasius wa Alexandria, mwaka 367. Zaidi ya miaka 300 baada ya Nabii Isa! Mwenye hoja kama hiyo mkononi ana haja gani ya kuzua nyingine?

Na hoja za kweli ziko tele. Nakala mbili mashuhuri za karne ya 4, ile ya Sinai na ile ya Vatikani, zinaikomesha Injili ya Marko katika sura ya 16 aya ya 8, wanawake wakilikimbia kaburi. Aya 12 zinazofuata, zenye habari za Yesu kuwatokea wanafunzi wake, hazimo. Maneno ya mashahidi watatu wa mbinguni, Baba, Neno na Roho, katika Waraka wa Kwanza wa Yohana sura ya 5, Erasmus hakuyatia alipochapisha Agano Jipya la Kigiriki mwaka 1516, kwa kuwa hakuyakuta katika nakala zake za Kigiriki. Yakaingia katika chapa ya 1522, na kutoka hapo yakafika hadi Biblia ya Kiingereza ya 1611. Tunawauliza mapadri: vizazi vilivyosoma maneno hayo kanisani kuwa ni ya Mungu vilidanganywa na nani? Leo tafsiri nyingi zimeyatoa au zimeyafungia katika mabano. Swali letu lingali pale pale.

Hii ndiyo njia aliyoipita Shekhe Rahmatullah Kairanawi alipojadiliana na mmisionari Karl Pfander mjini Agra, India, mwaka 1854. Yeye na mwenzake Dkt. Wazir Khan walikuwa wamevisoma vitabu vya wanazuoni wa Ulaya wenyewe. Mmisionari akakiri mbele ya hadhara kuwa ziko sehemu zilizobadilika.

Lakini wanazuoni wetu hutenganisha ilzam na tahqiq. Ilzam ni kumbana mpinzani kwa kile anachokikubali. Tahqiq ni kuuthibitisha ukweli wenyewe. Wahubiri wetu wengi wamezichanganya. Profesa Bart Ehrman wa Marekani alipotoa mwaka 2005 kitabu chake juu ya mabadiliko ya maandiko ya Agano Jipya, tulimshangilia. Mwaka 2012 akatoa kingine, akithibitisha kuwa Yesu aliishi na kwamba alisulubiwa kwa amri ya Pilato. Je, sasa tumkimbie? Wanahistoria wa namna yake hawauingizi wahyi wala muujiza katika hesabu zao. Kwa kipimo hicho hawathibitishi kuzaliwa kwa Isa bila ya baba, jambo tunaloliamini sisi na Wakristo pamoja. Upeo wa ilimu yao ni kile watu walichokiona na kukisimulia. Nayo Qur'an, katika Surat An-Nisaa aya ya 157, haikukanusha kuwa watu walidhani wameona, imesema walishabihishiwa. Basi na tuwanukuu kwa ilzam, tusiwafanye makadhi wa dini yetu.

Tena zamu yetu imekwisha fika. Mwaka 1972, katika ukarabati wa Msikiti Mkuu wa Sanaa, Yemen, ziligunduliwa kurasa nyingi za misahafu ya kale. Katika baadhi yake maandishi ya mwanzo yalifutwa yakaandikwa mengine juu, na yale ya chini yana maneno yanayotofautiana na msahafu tulio nao. Mwanafunzi aliyesoma ilimu za Qur'an hashtuki. Anajua kuwa visomo vya Ibn Mas'ud na Ubayy bin Ka'b vimetajwa katika vitabu vyetu wenyewe, kwamba Sayyidna Uthman (r.a.) aliikusanya misahafu wakiwa hai waliosikia kwa Mtume (s.a.w.), na kwamba Qur'an ilipokewa kifua kwa kifua kabla ya ukurasa. Lakini kijana tuliyemfundisha tu kuwazomea wenzake kwa tofauti za nakala, siku akitajiwa Sanaa atasema nini?

Wapo watakaotulaumu kuwa tumempa hasimu silaha. Yule kijana wa mhadharani hakuipata kwetu. Aliitoa katika kitabu tulichokiinua wenyewe. Na Surat Al-Maida aya ya 8 imetukataza kuacha uadilifu hata kwa watu tunaowachukia. Kwa hiyo tunawaomba maimamu na kamati za misikiti ambamo kitabu hicho kinauzwa mlangoni siku ya Ijumaa wakiondoe mezani, na kabla ya kumpandisha mtu jukwaani wamuulize amesoma kwa nani.