Tusiwafiche Watoto Habari za Mimba

Mwanafunzi anapouliza mtoto hutoka wapi, baadhi yetu walimu humjibu kwamba hununuliwa hospitali. Jibu hilo hatukubaliani nalo. Mtoto aliyemwona mamaye akiwa mjamzito hutambua kuwa amedanganywa, na kesho hatatusadiki hata tukimfundisha kweli.

Kweli yenyewe haihitaji vifaa vya gharama. Mwalimu na aweke mezani mbegu ya haragwe na ndimu moja. Tukihesabu tangu hedhi ya mwisho, katika juma la 8 kiumbe hulingana na mbegu ile, na moyo wake umekwisha kuanza kupiga. Katika juma la 12 hukaribia urefu wa ndimu, na vidole vimekwisha kuachana. Baina ya juma la 16 na la 20 mama huanza kumsikia akicheza. Huzaliwa karibu na juma la 40. Muda wote huo chakula na oksijeni humfikia kwa njia ya kondo, na pombe anywayo mama hupita humo humo.

Hapo ndipo penye faida ya somo, kwani wasichana na wavulana tunaowafundisha ndio wazazi wa kesho. Hatuna budi kusema nao kwa lugha ya staha, lakini tuseme.