HOFU NDIYO DALALI WA BUNDUKI
Na Mwanachama wa Kidato cha Tatu

Wahenga walinena kuwa dawa ya moto ni moto. Methali hii haikosi kutajwa katika midahalo ya Chama chetu cha Kiswahili, na siku hizi wanaoitaja sana ni wale wanaotaka kila mwenye ng'ombe aruhusiwe kununua bunduki. Hoja yao ni kwamba mwizi ana AK-47 nawe una rungu, sasa utamfanya nini? Swali hili si la kipuuzi, wala sitalijibu kwa mzaha. Wengi wanaoliuliza wanatoka pande za Tigania na Igembe, kule mpakani na Isiolo, ambako wezi wa mifugo huja usiku, na kukikucha zizi li tupu na pengine mchungaji mwenyewe hayuko tena duniani. Lakini kabla hatujauwasha huo moto wa pili, natutazame kwanza ni nani anayeuza viberiti.

Mimi nasema biashara ya bunduki haifanani na biashara nyingine yoyote. Mtu akinunua jembe, jirani yake hapungukiwi na kitu. Akinunua ng'ombe wa gredi, jirani atapata hata maziwa ya chai. Lakini akinunua bunduki, jirani halali usingizi. Kesho jirani huyo atauza mafahali wawili ili naye apate ya kwake. Yule wa kwanza akisikia hivyo ataona moja haitoshi. Kwa hiyo kila bunduki inayouzwa hutoka na kwenda kutafuta mteja mwingine. Muuzaji hana haja ya tangazo la redio. Hofu ndiyo dalali wake, tena dalali asiyedai hata senti moja.

Haya si maneno ya kubuni. Mwaka 1979, utawala wa Idi Amin ulipoanguka, ghala la silaha la kambi ya Moroto huko Uganda liliporwa, na bunduki zikaenea Karamoja na kwa majirani wao wa upande wetu. Mwaka 1991 Siad Barre alianguka Somalia mwezi wa Januari, na Mengistu akakimbia Ethiopia mwezi wa Mei. Silaha za majeshi mawili zikawa bidhaa ya sokoni, zikashuka kupitia Moyale na Marsabit hadi Isiolo, na Isiolo ni hapo tu mlangoni petu. Kule Kolowa, Baringo, imeandikwa kuwa AK-47 moja ilinunuliwa kwa ng'ombe 15 mwaka 1986, na ilipofika mwaka 2005 ilinunuliwa kwa ng'ombe 4. Sasa wewe niambie, bei iliposhuka hivyo, watu wa Kolowa walilala salama? La hasha! Kilichoongezeka ni idadi ya wenye bunduki. Watafiti wa Small Arms Survey walikadiria kuwa mwaka 2017 raia wa Kenya walikuwa na bunduki zipatazo 750,000, na zilizosajiliwa hazikufika hata 10,000.

Hebu tulinganishe Meru na Embu. Hadi mwaka 2013, Moyale, Marsabit, Isiolo, Meru na Embu zote zilikuwa katika mkoa mmoja wa Mashariki, na makao makuu ya mkoa yakawa Embu mjini. Mkoa ulikuwa mmoja lakini maisha mbalimbali. Mkulima wa Runyenjes ana ng'ombe wake wawili zizini na kahawa yake shambani. Anawachukia wezi kama anavyowachukia mfugaji wa Tigania Mashariki. Mbona haoti ndoto ya kununua bunduki? Je, ni shujaa zaidi? Hata kidogo. Ni kwamba akipiga nduru, kijiji kizima kitaamka. Barabara ipo, kituo cha polisi hakiko mbali, na mwizi aliyebeba ng'ombe wake hana pa kumpeleka bila kuonekana.

Mfugaji wa mpakani hana hayo. Nyika ni pana, barabara ni mbovu, simu haishiki mtandao, na polisi wanapofika mifugo imeshavuka zamani. Hata mpaka wenyewe kati ya Meru na Isiolo umezozaniwa miaka nenda miaka rudi, na penye ardhi isiyojulikana ni ya nani, kila mtu hujifanya askari. Kwa hiyo msituambie ati watu wa mpakani wanapenda bunduki. Wananunua kile ambacho serikali ilipaswa kuwapa bure, yaani usalama.

Tukumbuke pia kuwa ng'ambo ya mpaka wako Waborana, Wasamburu na Waturkana, na baba wa huko naye huwaambia wanawe maneno yale yale: "Wenzetu wana bunduki, sisi tufanyeje?" Kila upande unajiona ndio unaojilinda.

Wapo watakaonikumbusha kuwa babu zetu walipigana kwa bunduki katika misitu ya Mlima Kenya, nyingine wakiziunda wenyewe kwa vipande vya mabomba ya maji. Ni kweli, na tunawaheshimu. Lakini wao walikuwa wakimtoa mkoloni, si kumvizia jirani kwa sababu ya ndama. Uhuru ulipopatikana Desemba 1963, Jenerali Mwariama wa Meru alitoka msituni. Vita vyao vilikuwa na mwisho. Hivi vya mifugo mwisho wake ni upi?

Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Kunguru wa hadithi hii ni wenye viwanda na wenye hisa, na ili tumwone vizuri yatupasa tufike Marekani, ambako biashara hii hufanywa mchana kweupe. Mwaka 2020, mwaka wa korona, wa maandamano baada ya kifo cha George Floyd na wa uchaguzi mkali, maombi ya kuchunguzwa wanaotaka bunduki na leseni zake yalikaribia milioni 40. Watu waliogopa ugonjwa, wakaogopana wao kwa wao, wakaogopa pia kwamba serikali ijayo ingebana sheria. Lakini Donald Trump alipochaguliwa mara ya kwanza Novemba 2016, wapenda bunduki walitulia wakijua sheria haitabanwa, na siku iliyofuata hisa za Smith & Wesson zikaporomoka. Machi 2018 kampuni ya Remington, iliyoanza mwaka 1816, ikaenda mahakamani kuomba kinga ya kufilisika. Ajabu ya Musa! Mteja akipoa moyo, kiwanda kinaugua. Mtu akitia fedha zake humo, atake asitake, faida yake inategemea wenzake waendelee kuogopa.

Walimu wetu wapendwa, kisa hiki kinawahusu nyinyi hasa. Desemba 2012 kijana mmoja aliingia katika shule ya msingi ya Sandy Hook, jimbo la Connecticut, akawaua watoto 20 na wafanyakazi 6 wa shule. Alitumia bunduki ya kampuni ya Bushmaster. Watu walipouliza mali hiyo ni ya nani, ikabainika kuwa mfuko wa pensheni wa walimu wa California ulikuwa umetia fedha katika kampuni ya uwekezaji iitwayo Cerberus, ambayo ndiyo iliyokuwa na kiwanda hicho. Yaani mwalimu anakatwa mshahara ili ale uzeeni, na bila yeye kujua pesa hizo zinaunda silaha iliyowaua walimu wenzake na wanafunzi. Mwaka 2013 mfuko huo uliamua kujitoa katika viwanda vinavyounda silaha za namna hiyo.

Sisi Kenya tuko wapi? Eldoret kuna kiwanda cha serikali cha risasi tangu miaka ya 1990. Aprili 2021 Rais Uhuru Kenyatta alifungua kiwanda cha bunduki huko Ruiru, kilichogharimu karibu shilingi bilioni 4, chenye uwezo wa kuunda bunduki 12,000 kwa mwaka kwa ajili ya vikosi vya usalama. Mimi sivipingi. Polisi hawezi kumkabili jambazi kwa filimbi, na ni afadhali fedha zibaki nyumbani. Lakini kila risasi na ihesabiwe. Mwaka 2008 Small Arms Survey waliandika kuwa karibu nusu ya risasi zilizozagaa kinyume cha sheria huko Turkana Kaskazini zilitoka kwa polisi, kwa kuwa wenyeji walipewa ili wajilinde dhidi ya majirani. Nia ilikuwa njema. Matokeo yake dalali wetu akapata ofisi serikalini.

Basi tufanye nini? Kwanza, serikali ipeleke mpakani kile alichonacho mkulima wa Runyenjes: barabara, kituo cha polisi chenye gari lenye mafuta, na mtandao wa simu. Pili, mpaka wa Meru na Isiolo ukatwe na ujulikane, wazee wa pande zote wakiwepo. Tatu, silaha zikusanywe pande zote kwa wakati mmoja. Novemba 2016 bunduki 5,250 zilichomwa moto kule Ngong, na hilo lilikuwa jambo jema, lakini ukimpokonya mmoja na kumwachia mwenzake, umemfanya huyo wa kwanza kuwa mbuzi wa karamu. Nne, hadi hayo yatimie, askari wa akiba wa vijijini walipwe, wafunzwe, na bunduki zao ziandikwe na kukaguliwa. Huko ndiko kumjibu kwa haki yule mwenye rungu.

Nasi wanafunzi tuna letu. Tuache kumsifu kijana anayerudi nyumbani na bunduki kama tunavyomsifu aliyerudi na cheti. Na tutakapopata mishahara, tuulize akiba yetu inafanya kazi gani. Shilingi iliyo katika chama cha ushirika cha maziwa huongezeka watu wanapolala salama. Iliyo katika bunduki huongezeka wanapokesha.

Naweka kalamu chini. Asiyekubaliana nami na aandike katika toleo lijalo, mradi ajibu swali hili moja: ikiwa kila aliye na bunduki atamfanya jirani yake anunue nyingine, ya mwisho itanunuliwa na nani?