Acheni kukata mipira ya hita

Fungua boneti ya gari lolote kuukuu kwenye gereji za Himo, kisha chungulia nyuma ya injini, ukutani karibu na dashibodi. Mara nyingi utakuta bomba la maji ya moto linalokwenda kwenye hita limeunganishwa na lile la kurudi kwa kipande cha mpira, klempu huku, klempu kule, kazi imekwisha. Fundi atakuambia hita ilikuwa inavuja. Sawa, ilivuja. Mbona rejeta ikivuja huzibwa, hita ikivuja hukatwa?

Naendesha Land Rover 109, Series III, aliyoiacha marehemu baba. Kazi yake kubwa siku hizi ni kuteremsha ndizi kutoka Mwika. Nilipompelekea kijana mmoja wa umeme wa magari hapa Njia Panda nikitaka hita irudishwe na iwekewe feni yenye nguvu, alicheka. "Meku, hita ya nini? Si watu wanakufa na joto hapa?"

"Mdogo wangu," nikamwambia, "gari hili halilali Himo."

Himo iko chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na mchana jua lake halina mzaha. Lakini barabara yetu inapanda. Ukifika Marangu Mtoni, njia moja inakwenda lango la hifadhi, zaidi ya mita 1,800, nyingine inashika Mwika kuelekea Rombo. Kila ukipanda mita 1,000, joto hushuka nyuzi sita hivi. Sasa chukua asubuhi ya Julai, saa kumi na moja, manyunyu, ukungu umelala juu ya migomba, na mbele mmekaa watu watatu wenye nguo mbichi. Pumzi yenu inagonga kioo cha baridi na kugeuka maji. Dereva anashika usukani kwa mkono mmoja, tambara kwa mwingine. Gia abadilishiwe na nani?

Ndiyo maana siiti hita anasa. Kwa sisi wa mlimani hita ni sehemu ya macho ya dereva, kama waipa na taa. Abiria kuota moto ni faida ya ziada tu.

Waingereza wenyewe hawakuipa uzito tangu mwanzo. Land Rover ya kwanza ilioneshwa Amsterdam mwezi Aprili 1948, na katika matoleo yale ya awali hita ilikuwa kitu cha kununua pembeni. Series III ilipokuja mwaka 1971 mambo yalikuwa nafuu: hewa inavutwa kupitia matundu ya ubavuni kwenye madigadi, feni inaisukuma ipite kwenye kirejeta kidogo chenye maji ya moto ya injini, kisha inapanda kiooni na kushuka miguuni. Feni ina kasi mbili. Ya kwanza huisikii. Ya pili unaisikia vizuri sana, ila kioo hakina habari nayo.

Wapo watakaonipinga. Oktoba 2024 Land Rover zilijaa Arusha kwa tamasha lake, za kila umri, nyingine zimeng'arishwa hadi unaona haya kuzigusa. Mazungumzo yalikuwa rangi, tairi na bodi. Wenye magari wa aina hiyo husema gari la kale lisiguswe, libaki lilivyotoka kiwandani. Nawaheshimu, na hata mimi sitaki kuona dashibodi ya baba imetobolewa. Lakini mota ya feni imejificha ndani ya boksi lake chini ya boneti. Nani ataiona? Gari la maonyesho libaki na feni yake. Gari la ndizi lipewe inayofanya kazi.

Ila usikimbilie kununua mota. Ukiwa na hita isiyotoa joto, feni kubwa itakupulizia baridi kwa kasi zaidi. Kwanza uliza thamostati iko wapi. Huku kwetu mafundi huing'oa na kuitupa, eti nchi ya joto haihitaji thamostati. Matokeo yake ukiteremka mlima bila kukanyaga mafuta injini inapoa, maji yanayofika kwenye hita ni vuguvugu, na mafuta unachoma zaidi bure. Mimi nilirudisha thamostati na mabadiliko niliyaona kabla sijagusa waya hata mmoja. Kisha osha kile kirejeta cha hita, kutu huziba njia zake. Safisha na njia za hewa. Kwenye ya kwangu, bomba la kwenda kiooni lilikuwa na kiota cha nyigu kigumu kama tofali.

Baada ya hapo pima umeme. Injini ikinguruma, betri yangu ilisoma volti karibu 14, lakini kwenye mota zilifika 11 tu. Nyingine zilipotelea kwenye swichi iliyochoka na ethi yenye kutu. Waya mpya mnene kutoka betri, fyuzi, rilei, na ethi iliyokwanguliwa hadi chuma kionekane: feni ileile ya zamani ikafufuka nusu.

Nusu iliyobaki ndiyo kazi ya mota nyingine, na hapa chagua kwa akili. Taa mbili za mbele za wati 60 zinakula ampea 10. Waipa weka nne. Mota kubwa ya mtumba yaweza kuvuta 15 na ushee. Hapo umekaribia 30, na alteneta ya Lucas iliyokuja na magari haya mwisho wake ni 34, tena injini ikikimbia, si unapojikokota nyuma ya lori la mahindi. Nilichukua mota ya gari dogo la Kijapani, isiyozidi ampea 10. Bei yake haikufika ya tairi moja jipya.

Yule kijana wa umeme alipoifunga mara ya kwanza, ilivuma kwa mbwembwe lakini hewa ilikuwa ya kuombaomba. Alikuwa amegeuza waya. Feni hizi zenye umbo la ngoma zikizungushwa kinyume bado hupuliza upande uleule, ila kwa udhaifu, ndiyo maana watu wengi hawajui kwamba zimefungwa vibaya. Tulibadilisha waya mbili tu, na karatasi aliyoiweka juu ya dashibodi ikaruka.

Mafundi wa Himo, msikate tena mpira wa hita kabla ya kumuuliza mwenye gari analala wapi. Na askari wetu mnaokagua magari kabla ya kutoa stika za usalama, mkimaliza taa, breki na waipa, gari likiwa la Rombo au Marangu, muwashe na swichi ya hita. Isipopuliza kiooni, stika isubiri.