Picha Nayo Yahitaji Kiswahili

Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943, hakuishia kupiga picha. Alianzisha Camerapix mjini Dar es Salaam mwaka 1963, akachapisha vitabu na majarida hadi alipofariki mwaka 1996 katika ndege iliyotekwa, ikaanguka Komoro. Picha zake za njaa ya Ethiopia, mwaka 1984, ziliitikisa dunia. Lakini dunia ilizipokea kwa masimulizi ya Kiingereza ya Michael Buerk wa BBC.

Hapo ndipo penye pengo. Picha haijisemei, husemewa na aliyeiandikia maelezo. Mkulima wa mahindi wa Kachibora anastahili kupigwa picha, kuandikwa na kuhaririwa kwa Kiswahili. Wanafunzi wa Kiswahili kutoka Kitale na Bungoma wasipoifanya kazi hiyo, wageni wataendelea kuwasemea wazee wao.