Kila Siku Simu Zetu Ndizo Mbovu

Sisi wa Mingoyo hatuna ugomvi na waifai ya vocha. Ilipoletwa tuliishangilia, maana bando limekuwa mzigo: mtoto akitazama masomo ya video jioni mbili tu, la wiki nzima limekwisha. Ugomvi wetu ni lile jibu. Mtandao ukigoma, uwe na simu ya laki moja au ya milioni, utaambiwa, "Simu yako hiyo, mama. Zima, washa."

Tumezima, tumewasha. Alama ya waifai imejaa pomoni, pembeni ina kialama cha mshangao, na chini pameandikwa kwamba umeunganishwa ila intaneti hakuna. Au simu inakwama palepale kwenye kutafuta anwani ya IP, inazunguka mpaka betri inaomba chaji.

Hilo la anwani tumekuja kulielewa wenyewe, kwa kuulizana barazani. Hapa kwetu Mnazi Mmoja, Mingoyo, ni njia panda: barabara ya kutoka Lindi inagawanyika, moja inashika Mtwara, nyingine Masasi. Mabasi yanasimama, abiria wananunua korosho na kamba, na mikono ikiwa mitupu wanafungua simu na kuona waifai isiyo na paswedi. Wanabonyeza. Vocha hawanunui, lakini seva, kile kisanduku kinachogawa waifai, imeshampa kila mmoja anwani yake. Mtandao mdogo wa kawaida una anwani 254 tu, na moja ni ya seva yenyewe. Mwenye seva akipanga kwamba anwani ishikiliwe siku nzima, abiria anafika Masasi, anakula, analala, na nafasi yake hapa bado imeandikwa jina lake. Jioni mwenyeji mwenye vocha mkononi anakosa pa kuingia. Dawa yake ni kupunguza huo muda uwe nusu saa. Ni kazi ya dakika chache kwa mwenye paswedi ya seva, ila mwenye paswedi yuko mjini, na anayetuuzia vocha ni kijana wa duka ambaye hata yeye hajui ndani ya kile kisanduku kuna nini. Tunamwonea huruma. Anatukanwa kwa niaba ya mtu asiyemfahamu vizuri.

Halafu kuna ile tiba ya pili ya dukani: "Sahau mtandao, uanze upya." Hii ndiyo inayotuumiza zaidi. Simu za siku hizi, tangu Android 10 ya mwaka 2019 na iOS 14 ya mwaka 2020, huficha namba halisi ya kifaa (MAC) na kuupa kila mtandao namba ya kubuni. Seva nayo inakutambua kwa namba hiyo hiyo. Sasa baadhi ya simu, ukisahau mtandao ukarudi, zinakuja na namba mpya, na seva inakuona mgeni. Unaingiza vocha uliyoilipia asubuhi, unajibiwa kwamba inatumika kwenye simu nyingine. Simu nyingine ipi, na wewe unayo hiyo moja tu?

"Mwanangu, na hela yangu je?"

"Bibi, mfumo umekataa. Labda uchukue nyingine."

Kinga ipo: kwenye mipangilio ya mtandao huo, chagua MAC ya kifaa badala ya ile ya kubuni. Hakuna kipande cha karatasi dukani kinachosema hivyo. Wala kinachosema kwamba ukurasa wa kuingizia vocha usipojitokeza uzime data kwanza, uzime na VPN (vijana wengi wanayo, hasa tangu mtandao wa kijamii wa X ulipofungwa nchini Mei 2025), kisha uandike namba ya anwani ya seva kwenye brauza. Namba yenyewe tunapeana kwa kunong'onezana, utadhani ni ya mganga.

Na umeme ukikatika, vocha ya siku haijui. Saa inahesabu tangu ulipoingia, seva iwe hai au imezimika. Visanduku vingi vya bei nafuu havina hata betri ya saa. Vikiwaka tena vinasahau tarehe mpaka viipate mtandaoni, na hapo vocha nazo zinavurugika.

Asije mtu akasema tunalalamikia kila kitu. Mei 2024, siku chache tu baada ya Kimbunga Hidaya na mafuriko kutukatia barabara ya Dar pale Somanga, nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilikatika baharini, mtandao ukayumba nchi nzima. Tulivumilia, maana tuliambiwa kilichotokea na tukajua wapi pameharibika.

Huyu wa seva na atuambie pia. Abandike namba ya simu inayopokelewa, apunguze muda wa anwani za abiria, amwachie paswedi fundi mmoja wa hapa hapa Mingoyo, na saa za giza azirudishe kwenye vocha. Korosho ikianza kwenda mnadani, watu watataka kujua bei siku hiyo hiyo, na hatutaki kuambiwa tena tuzime, tuwashe.