Shukrani Isingoje Kaburi

Kati ya bendi tunazozipenda ipo moja ambayo huenda wengi wenu hamjaisikia: Big Star, iliyoundwa na vijana wanne mjini Memphis, Marekani. Albamu yao ya kwanza ilitoka mwaka 1972: nyimbo fupi, magitaa maangavu, sauti zinazopatana kama za kwaya iliyozoezwa vema. Wahakiki waliisifu, lakini ilisambazwa vibaya, hata waliotaka kuinunua hawakuipata madukani. Chris Bell, mmoja wa waanzilishi, alivunjika moyo akaiacha bendi mwaka huohuo. Baadaye aliishika imani ya Kikristo, akaendelea kutunga. Alifariki katika ajali ya gari tarehe 27 Desemba 1978, akiwa na umri wa miaka 27.

Sifa zilikuja baadaye. Wanamuziki wa kizazi kilichofuata, wakiwemo R.E.M., walikiri jinsi bendi hiyo ilivyowaathiri. Bell hakuyasikia hayo.

Wakoma kumi waliponywa na Bwana. Mmoja tu alirudi kushukuru. Katika parokia zetu, mpiga ngoma, mtunzi na mwalimu wa kwaya hutumika miaka mingi bila kuambiwa neno, kisha hotuba nzuri hutolewa siku ya mazishi. Hatusemi kwamba mwimbaji aimbe ili asifiwe. Twasema kwamba msikilizaji ana deni. Jumapili hii, baada ya Misa, mtafuteni mmoja wao kabla hajaenda nyumbani, mumwambie ni wimbo upi uliowasaidia kusali.